Anayelea watoto wa wachuma chai alipwe na kaunti

Wewe unayeishi Pipeline au Umoja, ukienda kazini nani anabaki na mtoto? Mara nyingi ni msichana aliyetoka mashambani, pengine Kisii au Nyamira. Je, ushawahi kumuuliza wake amemwachia nani?

Twende Nyansiongo, kule Borabu. Huko ni chai tu. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na ukichuma na mtoto mgongoni kilo zinapungua. Zamani jibu lilikuwa omoreri, yaani dada au kaka mdogo anayemlea mtoto mama akiwa shambani. Lakini tangu 2003 masomo ya msingi ni ya bure, na huyo omoreri anafaa kuwa darasani. Siku akikosa mtu wa kumpokea mtoto, yeye ndiye anayekosa shule.

Utasema kuna chekechea. Sawa, lakini chekechea za kaunti ni za watoto wa miaka minne na mitano. Wa miezi minane aende wapi? Anaenda kwa jirani, mama mmoja mwenye sebule ndogo na watoto kumi, anayelipwa vishilingi na wazazi ambao wenyewe wamesota. Huyo mama ndiye mfumo wetu wa malezi, na serikali haimjui.

Na si eti sheria haipo. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Viko kwenye mstari mmoja. Shida ni kwamba darasa jipya linaweza kuzinduliwa kwa utepe na picha. Mama wa sebuleni hana utepe wa kukatwa.

Wengine watasema akachukue mkopo, si kuna Hustler Fund na Uwezo? Mkopo unafaa biashara inayozaa faida. Mchumaji hawezi kulipa ada itakayotosha uji, choo safi, mshahara wa mlezi na tena deni. Mama akiongeza ada, watoto wanarudi kwa omoreri. Hapa inahitajika ruzuku, pesa isiyorudishwa.

Najua unachofikiria: pesa za bure zitaliwa. Hofu hiyo ni ya haki, tumeona mengi. Basi zisitolewe kwa mkupuo kwa vikundi hewa. Afrika Kusini hulipa vituo vilivyosajiliwa kwa kila mtoto wa familia maskini, kwa kila siku. Mwaka 2025 kiwango kilipanda kutoka randi 17 hadi 24. Nyamira inaweza kuanza kidogo: isajili walezi, iwafunze, ikague choo na jikoni, ilipe kulingana na idadi ya watoto, kisha ibandike majina ya vituo na kiasi kilicholipwa kwa chifu, kila mtu asome.

Sasa ni zamu yako. Kaunti hupeleka makadirio ya bajeti bungeni kufikia Aprili 30, na kabla bajeti haijapitishwa ni lazima wananchi wasikizwe. Vikao hivyo hujaa wazee wanaoitisha barabara. Kama kwenu ni Borabu, tuma maoni kwa maandishi hata ukiwa Nairobi. Kama kwenu ni kaunti nyingine, uliza swali lilo hilo: mwaka huu mmetenga pesa ngapi kwa mtoto ambaye hajafika miaka minne?

Wakijibu sufuri, angalau iandikwe.