Visima vya Kimbiji vyahitaji waandishi wanaoijua sayansi

Kwa miaka mingi, mradi wa visima virefu vya Kimbiji na Mpera, kusini mwa Dar es Salaam, ulitajwa magazetini kwa tarakimu moja: lita milioni 260 kwa siku. Hayo yalikuwa makadirio ya visima vyote 20. Novemba 2022, jiji likiwa katika mgawo wa maji, mradi uliozinduliwa Kigamboni ulikuwa wa lita milioni 70.

Mwandishi asiyepata mafunzo hunakili tarakimu ya hotuba. Aliyefundishwa huuliza maji ya ardhini hujazwa upya kwa kasi gani, na iwapo yakivutwa kupita kiasi, ya bahari yatapenya. Chama cha Waandishi wa Habari za Mazingira Tanzania (JET) kimekuwapo tangu 1991. Hata hivyo, semina ya siku mbili, pamoja na posho yake, haimfundishi mtu kusoma ripoti ya wanajiolojia.