Waheshimiwa, hapana ni hapana

Wasee, Sheria ya Makosa ya Ngono ilipita 2006, wengi wetu tukiwa bado kwa nepi. Aliyeipeleka bungeni ni Njoki Ndung'u, mbunge mteule wakati huo, leo jaji wa Mahakama ya Juu. Kwa mjadala, mheshimiwa mmoja akasimama akasema ati mwanamke Mwafrika akikwambia hapana anamaanisha ndiyo. Wabunge wanawake wakatoka nje. Na hao wanaume ndio walibaki na kura nyingi.

Kwa hivyo sheria ikapita, lakini kwa bei. Kifungu cha 38 kilisema ukipatikana umemsingizia mtu, unakula kifungo sawa na cha kosa ulilomsingizia. Hebu fikiria wewe ndio umebakwa, shahidi ni wewe peke yako, halafu unasoma hiyo. Utaenda kwa kituo kweli? Kilikuja kufutwa. Lakini 43(5) bado iko: vitendo ambavyo kifungu hicho kinaviita haramu, kama kulazimisha mtu, haviwahusu waliooana kisheria. Yaani cheti cha ndoa ndio ridhaa ya maisha. Mimi niliacha chuo, na hata mimi naona hiyo ni upuzi.

Usiniambie shida ni polisi tu. Ni kweli, 2013 kule Busia polisi waliadhibu washukiwa wa ubakaji wa msichana wa miaka 16 kwa kuwakatisha nyasi. Watu wakapiga kelele mpaka dunia ikasikia, na 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Lakini askari anajifunza wapi kuchukulia hii kitu mchezo? Si kwa wakubwa wake.

Najua boys mtakuja na ile ya jamaa wa 19 kufungwa miaka 15 juu ya dem wake wa 17. Hapo mna pointi. Mahakama ya Rufaa yenyewe iliomba mjadala 2019. Sasa andikeni kifungu cha vijana wa rika moja, msishushe umri mpaka mbaba wa 45 apite na huo mlango. Mahakama ya Juu ilishasema 2024 vifungo vya chini kabisa vibaki, kuvibadilisha ni kazi ya Bunge.

2027 mbunge wako akikuja na tisheti, muulize atapigaje kura kuhusu 43(5). Rekodi jibu, unitag.