Kabla Mama Hajakabidhi Funguo

Leo tuache siasa kidogo. Nataka kuzungumzia watu ambao ukiwa mwanafunzi huwapendi, na ukishahitimu unawasahau: watawala wa vyuo vikuu. Sisemi maprofesa. Nasema wale wa dirishani na maofisini, wenye mihuri, majalada na ule msemo wao maarufu, "njoo kesho."

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona mama mmoja anayestaafu mwezi ujao. Ametumikia chuo kikuu kimoja cha umma (sikitaji, na yeye simtaji) kwa miaka 30. Aliingia akiwa mpiga chapa wa masjala, anatoka akiwa naibu msajili. Kwa watumishi wengi wa umma hapa Tanzania, ukitimiza miaka 60 unaondoka, upende usipende. Nilibeba daftari nikijua nitakachopata: udahili umeongezeka, majengo yamejengwa, matokeo siku hizi yanaangaliwa kwenye simu. Hayo aliyasema, kama dakika kumi hivi. Kisha akanyamaza.

"Mwanangu," akaniambia, "hayo yote yamo kwenye taarifa za chuo. Kuna moja halimo."

Miaka ya nyuma alifika dirishani kwake kijana wa mwaka wa tatu, mtoto wa mkulima. Ada haijatimia, mitihani inaanza Jumatatu, na siku hiyo ni Ijumaa jioni. Bila ada hakuna kibali cha kuingia chumba cha mtihani. Mama akamwambia utaratibu ni utaratibu. Kijana akasema asante, akaondoka. Hakurudi tena. Baada ya muda jalada lake likagongwa muhuri: AMEACHA MASOMO.

"Hakuacha," mama akasema. "Tulimwachisha. Na kulikuwa na kifungu. Mkuu wa kitivo angeandika barua, mtoto angefanya mtihani huku akitafuta hela. Nilikijua kile kifungu. Nilikuwa nimechoka, nataka kuwahi basi. Sikumwambia."

Jamani, hapo ndipo nilipofunga daftari.

Unaweza kumtetea, na mimi nilijaribu. Nikamwambia, mama, ukimfungulia mmoja, kesho wanakuja mia. Akatikisa kichwa. Kwake kosa halikuwa kufuata sheria. Kosa lilikuwa kumsomea mtoto nusu ya sheria, ile nusu inayofunga mlango. Nadhani hiyo ndiyo nguvu kubwa aliyonayo mtu wa ofisini, na hata yeye mwenyewe huwa haioni: anajua kifungu ambacho wewe hukijui. Mkubwa wa chuo anaweza kutoa hotuba nzuri namna gani kuhusu haki ya elimu, lakini mtoto wa mkulima atakutana na haki hiyo dirishani, Ijumaa jioni.

Sasa hoja yangu ni hii. Historia ya vyuo vyetu tumeiandika kutokea juu. Chukueni mwaka 1966. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akakasirika na kuwarudisha nyumbani karibu 400. Mwaka uliofuata wengi wao wakaruhusiwa kurudi. Tukiisimulia habari hiyo tunasimulia hasira ya Mwalimu, na jinsi siku ile alivyotangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Ni sawa. Lakini nani alizitafuta zile karibu 400 kwenye masjala? Nani alizifungua tena mwaka uliofuata, na alijisikiaje? Profesa Matthew Luhanga, aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1991 hadi 2006, aliandika kitabu kuhusu mageuzi aliyoyasimamia. Tunamshukuru, maana wakubwa wengi hawaandiki chochote. Ila makamu mkuu wa chuo hakai dirishani. Ya dirishani anayajua aliyekaa pale.

Na huyo tunamuagaje? Kwa keki, kitenge, picha ya pamoja na risala ya "amelitumikia taifa kwa uadilifu." Kabla ya hapo anajaza fomu ya makabidhiano: funguo, kompyuta, kabati. Hakuna anayemuuliza: ni jambo gani ulilolifanya ambalo anayekupokea asilifanye? Kwa maoni yangu swali hilo lingekuwa la kwanza kwenye fomu, kabla ya kabati. Kusiwe na adhabu wala tume. Aandike kurasa mbili tu, zibaki ofisini kwa ajili ya kijana anayeingia.

Mtasema nani atakubali kuandika makosa yake? Mama huyu amekubali. Ameshaanza, kwa mkono, kwenye daftari la shule la mjukuu wake. Ukurasa wa kwanza hauna jina la kijana, una namba ya kifungu tu, na chini yake ameandika: *Wasomee chote.*

Wewe unayesoma hapa, huenda leo hii umekaa kwenye dirisha la benki, hospitali au halmashauri. Hujafikisha miaka 60, una muda. Aliye mbele yako umemsomea nusu gani?