Kisu cha Hamburg kilivyobadilisha historia ya Monica Seles

MWANATENISI mstaafu Monica Seles alipofichua mnamo Agosti 2025 kwamba anaugua myasthenia gravis, maradhi ya kudumu yanayodhoofisha misuli, mashabiki wengi walikumbuka upya swali ambalo limezungumzwa kwa zaidi ya miaka 30: je, angefika wapi iwapo hangechomwa kisu uwanjani?

Swali hilo linagusa haki za wanamichezo, usalama wao na namna rekodi zinavyosomwa.

Seles alizaliwa Desemba 2, 1973 mjini Novi Sad, katika iliyokuwa Yugoslavia, kwa familia yenye asili ya Hungary. Babaye, Karolj, alikuwa mchoraji vibonzo. Ndiye aliyemfunza tenisi katika eneo la kuegesha magari, akimchorea vibonzo kwenye mipira ili asichoshwe na mazoezi. Mnamo 1986 binti huyo alihamia jimbo la Florida, Marekani, kunolewa katika chuo cha kocha Nick Bollettieri.

Matunda yalionekana mapema. Mnamo Juni 1990, akiwa na umri wa miaka 16, alitwaa taji la French Open kwa kumlaza Mjerumani Steffi Graf kwa seti mbili bila jibu. Machi 1991 alimng'oa Graf katika nafasi ya kwanza duniani. Mchezaji huyo wa mkono wa kushoto alishika raketi kwa mikono miwili pande zote, na makombora yake yaliwanyima wapinzani nafasi ya kupumua.

Kufikia Januari 1993 alikuwa amezoa mataji manane ya Grand Slam kabla ya kutimiza umri wa miaka 20. Ni Wimbledon pekee iliyokuwa imemponyoka, baada ya kuzidiwa maarifa na Graf katika fainali ya 1992. Hata hivyo, kati ya fainali nne za Grand Slam ambazo wawili hao walikuwa wamekutana hadi wakati huo, Seles alikuwa ameshinda tatu.

Kisha ikaja Aprili 30, 1993. Katika robo-fainali mjini Hamburg, Ujerumani, Seles alikuwa akiongoza Magdalena Maleeva wa Bulgaria kwa 6-4, 4-3. Wakati wa mapumziko mafupi, akiwa ameketi kando ya uwanja, mwanamume aliyeitwa Günter Parche alijipenyeza kutoka kwa umati na kumdunga kisu mgongoni. Kidonda kilikuwa na kina cha takriban sentimita 1.5.

Parche alikuwa shabiki sugu wa Graf. Alieleza kwamba alinuia kumjeruhi Seles ili Graf arejee kileleni. Mahakama ilimpata na hatia ya kusababisha madhara mabaya ya mwili, lakini ikampa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa, ikizingatia hali yake ya kiakili. Rufaa ya upande wa mashtaka iligonga mwamba mnamo 1995. Mshambulizi hakufungwa jela baada ya hukumu hiyo, naye Seles hakucheza tena nchini Ujerumani.

Mkasa haukusitisha mashindano ya Hamburg. Yaliendelea hadi fainali. Muda mfupi baadaye, pendekezo kwamba nafasi ya kwanza ya Seles ihifadhiwe hadi apone lilikataliwa na wachezaji wenzake waliopiga kura. Gabriela Sabatini wa Argentina alijitenga na msimamo huo kwa kutounga mkono upande wowote. Juni 1993 Graf alikuwa ameshinda French Open na kurejea kileleni. Azma ya Parche ilikuwa imetimia.

Mgala muue na haki yake mpe. Graf hakuhusika kwa vyovyote na uhalifu huo, na alikwenda hospitalini kumjulia hali mpinzani wake. Isitoshe, alikuwa tayari na mataji 11 ya Grand Slam kabla ya mkasa. Lakini alistaafu akiwa na 22, kumaanisha nusu ya mataji hayo aliyapata baada ya Hamburg. Ni mangapi kati ya hayo yangekwenda kwa Seles, hakuna hesabu inayoweza kubaini.

Jeraha la mwili lilipona katika muda wa wiki chache. La nafsi lilichukua miaka. Seles alikaa nje kwa zaidi ya miaka miwili, akisumbuliwa na msongo wa mawazo na tatizo la kula kupita kiasi, ambalo baadaye alilieleza hadharani. Wakati huo huo, babaye alikuwa akiugua saratani.

Aliporejea Agosti 1995, akiwa sasa raia wa Marekani, alishinda Canadian Open na kuorodheshwa nambari moja pamoja na Graf. Januari 1996 alinyakua Australian Open, taji lake la tisa na la mwisho la Grand Slam. Mnamo 1998, wiki chache tu baada ya kumzika babaye, alifika fainali ya French Open akashindwa na Arantxa Sánchez Vicario. Alijishindia nishani ya shaba katika Olimpiki za Sydney mnamo 2000, akacheza mechi yake ya mwisho ya kulipwa mnamo 2003, na kutangaza rasmi kustaafu mnamo Februari 2008.

Tangu Hamburg, walinzi husimama karibu na viti vya wachezaji wakati wa mapumziko. Hata hivyo hatari haijatoweka. Februari 2025 mjini Dubai, Emma Raducanu wa Uingereza alilazimika kujikinga nyuma ya kiti cha mwamuzi, huku akitokwa na machozi, baada ya kumwona miongoni mwa mashabiki mwanamume aliyekuwa akimfuatafuata.

Rekodi zitaendelea kuonyesha kwamba Seles alishinda mataji tisa makuu. Wanaozisoma hawana budi kukumbuka kwamba manane kati yake yalipatikana kabla ya kisu, na moja tu baadaye.