Redio ya Valvu na Ujira wa Kijana wa Fundi



Bado tunazikuta redio za valvu majumbani, kuanzia Mweya mpaka Kasese na Bwera. Ni mali ya miaka ile mgodi wa shaba wa Kilembe ulipokuwa ukilipa mishahara, kabla haujafungwa mwaka 1982. Wazee hawataki kuzitupa, nao hawana kosa: sanduku ni la mbao, sauti ni nene, na mara nyingi valvu zenyewe bado nzima. Kilichochoka ni kapasita.

Kapasita za karatasi na nta hunyonya unyevu, zikaanza kuvujisha umeme. Zile kubwa za kuchuja umeme hukauka ndani, redio ikanguruma. Mbaya kuliko zote ni ile ndogo iliyo mbele ya valvu ya mwisho. Ikivuja, valvu hiyo huvuta umeme kupita kiasi, na transfoma ya spika huweza kuungua pamoja nayo. Kwa hiyo mteja anayesema “chomeka kwanza tusikie” anaharibu mali yake mwenyewe.

Lililotufanya tushike kalamu ni kijana anayeifungua redio hiyo. Ndani yake mna volti 250 hadi 300, na kapasita za kuchuja huweza kuushika umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Tena zimo redio zisizo na transfoma ya umeme, ambazo bati lake la chini limeungana na waya wa ukutani. Ukiligusa wakati imechomekwa, umegusa umeme wenyewe. Kazi hii yataka utaratibu: kuchomoa, kumwaga umeme kupitia rezista, kupima kwa mita, halafu kubadilisha kapasita moja baada ya moja, ya volti zisizopungua zile za zamani, chanya na hasi mahali pake. Ni kazi ya nusu siku.

Sasa tazameni malipo. Wako wenye vibanda wanaomlipa kijana kwa idadi ya vyombo alivyomaliza, simu na redio ya valvu bei moja. Mwenye njaa atangoja kupima? Ataingiza mkono. Akirushwa na umeme, husemwa kuwa hana akili. Sisi tunasema amesukumwa na malipo yale.

Tunataka redio ya valvu ilipwe kwa siku. Mita na rezista vinunuliwe na mwenye kibanda, wala visikatwe kwenye ujira. Nanyi wateja, mkitajiwa bei, msibishane kwa bei ya kapasita moja dukani. Ulizeni kijana amekaa saa ngapi mezani.

Vijana wa vibandani, hata mkiwa watatu tu, njooni kwa mwakilishi wetu mjiandikishe. Mmoja akienda peke yake kwa mwenye kibanda, kesho yake nafasi yake imekwisha kupewa mwingine.