Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa kaunti yetu: siku 11 za jiko baridi

Mheshimiwa Waziri,

Kaunti siitaji, wewe unaijua, na karani wako wa dirisha la malipo ananijua zaidi, maana chapati na madondo yangu hula kwa deni, akalipa mwisho wa mwezi.

Machi 3 nilifunga hoteli asubuhi nikaja maabara yenu na wafanyakazi wangu 4. Tukalipa kwa simu, tukatoa choo na mkojo, tukaambiwa turudi baada ya siku 3. Kupimwa sikulalamikii. Mpishi anaweza kubeba homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua. Mary Mallon wa New York alitengwa mwaka 1907 kwa sababu hiyo, naye akijiona mzima kabisa. Cheti cha afya cha wapishi, cha miezi 6, ni haki ya mteja wangu.

Tuliporudi, mfumo wa kutolea vyeti umelala. Machi 10, mfumo bado umelala, ila ule wa kupokea pesa uko macho. Machi 13 akaja bwana afya wako na askari wawili wa kanjo. Nikamwonyesha risiti zote 5. Akazisoma mojamoja, akanirudishia, akasema risiti si cheti. Maharagwe yalikuwa yameshaiva, dhania ndiyo kwanza imeingia. Akaniamuru nizime jiko.

Siku 11, Mheshimiwa. Jiko langu lilizimwa siku 11 kwa kukosa karatasi ambayo mlikuwa nayo ninyi. Kodi ya nyumba haikulala. Maziwa niliyoagiza yaliganda, na chama kikanitoza faini ya kuchelewa. Hayo ni yangu. Lakini siku 11 hizo watu wa mjengo, wateja wangu, hawakufunga saumu. Walivuka barabara wakala kwenye mkokoteni usio na cheti wala maji ya kunawa, na bwana afya wako aliupita huo mkokoteni akija kwangu. Basi niambie: kwa siku 11 mlikuwa mnalinda tumbo la nani?

Siku ya nne kijana mmoja langoni mwenu alininong'oneza kwamba nikitoa kitu kidogo, vyeti vitatoka jioni, na hakuna haja ya mtu kutoa choo. Nilikataa. Usiniulize ilinichukua muda gani kukataa. Ninachojiuliza ni jikoni mwa wangapi vimetundikwa vyeti vya namna hiyo, na wewe unavihesabu kama afya.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti leseni na usimamizi wa wauza chakula. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali. Sheria mnazo; mfumo ndio uliolala. Kwenye makongamano mnatuambia kesho ya biashara ni afya, huku mkinywa chai kwa mandazi. Aliyeyakaanga ana cheti? Hapa anayebanwa ni mwenye mlango, kwa kuwa mlango hufungika. Ndivyo ilivyo kwa leseni ya biashara, kwa ada ya taka zisizozolewa, hata kwa kibao chenye jina la hoteli: ukionekana, umelipa.

Ninachoomba ni kidogo. Risiti ya maabara ihesabiwe kuwa cheti cha muda hadi majibu yatoke. Mfumo ukilala, andikeni kwa mkono na kugonga mhuri, kama mama zetu walivyoandikiwa kadi za kliniki. Na bwana afya, kabla ya kufunga jiko la mtu, apige simu maabara; ni ofisi yenu moja.

Vyeti vyetu vilitoka Machi 24. Nimevitundika juu ya meza ya kulipia, karani wako huviona kila mchana. Vimeandikwa kwamba vilianza kutumika Machi 3.