Muuguzi na Mgonjwa Anayeweweseka

Muuguzi wa wodi hupima joto la mwili, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kisha huyaandika katika chati. Hali ya akili ya mgonjwa mara nyingi haina safu yake humo. Kwa maoni yangu pengo hilo hugharimu maisha, nalo laweza kuzibwa kwa gharama ndogo.

Kuweweseka si wazimu, wala si pepo. Ni kuvurugika kwa kazi ya ubongo kunakoanza ghafla, kwa muda wa saa au siku chache, kukipanda na kushuka. Chanzo chake mara nyingi kimo mwilini: malaria kali, nimonia, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka katika damu, au dawa fulani. Mgonjwa apigaye kelele na kung'oa mpira wa dripu huonekana na kila mtu. Anayesahaulika ni yule alalaye kimya, asiyefuata maneno. Jamaa husema, "Leo mzee ametulia," kumbe hali yake inazorota.

Daktari humwona mgonjwa dakika chache asubuhi, wakati ambapo huenda fahamu zimerejea. Muuguzi yuko wodini zamu nzima. Kwa hiyo yeye ndiye apaswaye kufundishwa.

Mwaka 1990 Daktari Sharon Inouye wa Marekani na wenzake walichapisha kipimo chenye mambo manne. Je, mabadiliko yalianza ghafla, tena yanapanda na kushuka? Je, mgonjwa hawezi kuweka makini? Je, mawazo yake hayafuatani? Je, yu mzito au macho kupita kawaida? Mawili ya kwanza yakiwapo, pamoja na moja kati ya mawili ya mwisho, mgonjwa ahesabiwe kuwa anaweweseka.

Hata hivyo, vipimo vya kigeni havitumiki vivi hivi. Baadhi humtaka mgonjwa ataje miezi kinyumenyume. Mzee wetu asemaye "mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa kumi na moja" anahesabu namba tu. Na yule aliyekosa shule aweza kushindwa ilhali akili yake ni timamu. Hivyo muuguzi afundishwe pia kumwuliza jamaa: "Je, jana alikuwa hivi?"

Wapo wasemao kwamba wauguzi ni wachache na kazi ni nyingi. Ni kweli, lakini mgonjwa asiyetambuliwa mapema huanguka kitandani na kukaa hospitali siku nyingi zaidi, na kazi hiyo hiyo ikaongezeka.

Mafunzo bila safu ya kuandikia ni kutwanga maji kinuni. Kuandika "mgonjwa msumbufu" hakumsaidii daktari. Kuandika "saa 8 usiku hakumtambua mwanawe, saa 2 asubuhi alimtambua" ni ushahidi wa kisayansi. Mwanafunzi ambaye leo mwalimu wake humsisitizia aandike alichokiona maabarani, pamoja na saa yake, anajifunza kazi hiyo hiyo.